Ukungu, Rada na Droni: Ulinzi wa Viwanja vya Ndege vya Mbeya na Iringa Tangu 1932

Utangulizi

Usiku wa tarehe 19 Desemba 2018 kiwanja cha ndege cha Gatwick, kusini mwa London, kilisimamisha safari zake baada ya mlinzi kuripoti kwamba ameona ndege ndogo zisizo na rubani karibu na kiwanja. Kwa takriban saa 33 zilizofuata kiwanja kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Safari zipatazo 1,000 zilivurugika na abiria wapatao 140,000 wakakwama katika juma la Krismasi. Jeshi liliitwa. Mume na mke waliokamatwa waliachiwa bila mashtaka, na baadaye Polisi wa Sussex wakawalipa fidia ya pauni 200,000. Hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa kisa kile. Mkuu wa polisi wa eneo hilo alikiri mwenyewe kwamba baadhi ya ndege zilizoripotiwa huenda zilikuwa za polisi, zilizorushwa kumsaka mhalifu.

Wahandisi na wanasheria wamekiandika kisa hiki kwa wingi. Kwa mwanahistoria, kinachovuta macho ni ushahidi kuliko mashine: ripoti ni nyingi, lakini hakuna hata droni moja iliyonaswa. Hofu ya namna hii ina umri mrefu kuliko droni zenyewe. Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, watu katika sehemu mbalimbali za Afrika Kusini waliripoti kuona ndege za Wajerumani zikipita usiku, zikitokea nchi inayoitwa Namibia leo. Ndege hizo hazikuwapo. Wahenga walikwishasema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Makala haya yanalirudisha suala hilo nyumbani, katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye viwanja vya Mbeya na Iringa. Yanauliza jinsi viwanja hivi vilivyolindwa tangu enzi za ukoloni, na historia hiyo inatufundisha nini kuhusu namna ya kuizuia droni bila kuzua ajali nyingine. Hoja yake ni kwamba viwanja hivi vimelindwa zaidi na kazi na taarifa za watu wanaoishi kandokando yake kuliko na mitambo. Aidha, karibu kila njia ya kuiangusha droni kwa nguvu hugeuka kuwa hatari mpya inapoletwa kwenye bonde lenye ukungu, kwenye kiwanja chenye barabara moja ya kurukia, na karibu na makazi ya watu. Katika matangazo ya Kiswahili chombo hiki huitwa ndege isiyo na rubani au ndege nyuki. Humu kitaitwa droni, kama kinavyoitwa mitaani.

Mbeya katika njia ya kwenda Cape

Januari 1932 kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilianzisha safari za barua, na miezi michache baadaye za abiria, kutoka London hadi Cape Town. Kutoka Nairobi ndege zilipitia Moshi, Dodoma, Mbeya na Mpika kabla ya kufika Broken Hill, mji ambao leo ni Kabwe nchini Zambia. Mbeya ulikuwa mji mchanga, uliokuwa ukikua kwa dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Kilichouweka kwenye ramani ya anga, hata hivyo, ni umbali: kutoka Dodoma ni kilomita 400 hivi kwa mstari ulionyooka, na kwenda Mpika ni karibu hizo hizo. Ndege za wakati ule zilihitaji kutua na kujaza mafuta kila baada ya masafa kama hayo.

Hata hivyo mahali penyewe hapakuwa rahisi. Kiwanja cha zamani cha Mbeya kiko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Bawa hukosa kitu cha kuegemea, injini hupungukiwa pumzi, na ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa. Milima iko karibu. Rubani aliyekosea hesabu ya kwanza hakuwa na nafasi kubwa ya kufanya ya pili.

Ulinzi wa viwanja vya njia ile ulikuwa kazi ya mikono. Nyasi zilifyekwa na vichuguu vikavunjwa. Duara jeupe lilichorwa ardhini ili kiwanja kitambulike kutoka juu, na moto wa moshi ukawashwa kumwonyesha rubani upepo unakotoka. Mifugo na wanyamapori walifukuzwa ndege ilipokaribia. Taarifa za hali ya hewa zilitangulia kwa simu ya maandishi na redio. Historia zilizoandikwa kuhusu njia ya Cape huwataja marubani kwa majina na ndege kwa aina zake, kuanzia Hercules hadi Atalanta; waliofyeka, waliowasha moto na waliofukuza ng'ombe hutajwa kwa jumla tu, pale wanapotajwa. Ilhali wao ndio waliokuwa mfumo wa usalama. Kiwanja hakikuwa na uzio wa maana, na kama jirani hakujua ndege inakuja, ng'ombe wake walikuwa hatari kuliko upepo.

Mwaka 1937 Imperial Airways ilihamia kwenye ndege za kutua majini na kuipeleka njia yake kuu pwani, kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mbeya ikabaki kituo cha njia ndogo ya bara, iliyohudumiwa na Wilson Airways ya Nairobi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson na kuzimwa na vita mwaka 1939. Kuanzia 1946 East African Airways ilibeba jukumu la usafiri wa anga wa eneo zima, hadi iliposambaratika mwaka 1977 na Shirika la Ndege la Tanzania likaundwa. Miongo hiyo ina mambo mengi ya kusimulia, lakini kwa suala letu inatosha kutaja jambo moja: viwanja vilibaki vidogo na safari chache, na mipaka yake ilijulikana kwa mazoea kuliko kwa seng'enge.

Kutoka mjini hadi Songwe

Mji wa Mbeya ulikua ukakizunguka kiwanja chake. Nyumba zilijengwa pande zote, na njia za miguu zikakata kona kuelekea sokoni na shuleni. Desemba 2012 safari zilihamia Kiwanja cha Ndege cha Songwe, upande wa Mbalizi, kilomita 20 hivi magharibi mwa kile cha zamani. Songwe iko chini zaidi, mita 1,300 na ushei, na barabara yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Ndege kubwa ambazo zisingeweza kutua mjini ziliweza kutua huko.

Bonde lile lilikuja na bei yake, nayo ni ukungu. Kila msafiri wa mara kwa mara wa Mbeya anaujua. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa ndani ya ndege iliyozunguka juu ya Songwe asubuhi, chini kukiwa na blanketi jeupe na vilele vya milima vikichungulia kama visiwa, kisha ikageuza na kurudi Dar es Salaam. Karibu nami alikuwa mama aliyekuwa akimsindikiza mgonjwa kurudi nyumbani baada ya matibabu. Hakulalamika. Aliuliza tu kama nauli ya basi ingemtosha.

Kiwanja cha Nduli, nje ya mji wa Iringa, kina sura nyingine. Kiko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na kwa miaka mingi kilitumiwa na ndege ndogo, nyingi zikiwa za watalii na za wenye shughuli katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Barabara yake imeongezwa urefu na kuwekwa lami katika miaka ya karibuni. Kiwanja kinapopanda daraja, ndege zinazotua huwa na abiria wengi zaidi na mwendo mkubwa zaidi, lakini majirani ni wale wale, na anga lililo juu ya mashamba yao ni lile lile walilozoea kuliona kuwa halina mwenyewe.

Funzo la rada

Kabla ya kuingia kwenye droni zenyewe, ni lazima kukumbuka sakata moja, kwa sababu wauzaji wa mitambo ya kuzuia droni wako njiani kama hawajafika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilinunua mfumo wa rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Hata nchini Uingereza walikuwapo waliopinga, akiwamo Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa wakati huo, na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) waliona kwamba mfumo ule ulikuwa ghali kuliko mahitaji ya nchi. Desemba 2010 mahakama ya London iliipiga BAE faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu, na kampuni ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zilielekezwa kwenye elimu, hasa vitabu vya shule. Kizazi kimoja cha wanafunzi wa shule za msingi kilisoma vitabu vilivyotokana na rada.

Baadaye nchi ilijipanga upya. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilifunga rada nne za kuongozea ndege za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni hatua kubwa, na marubani wanaopita juu ya Nyanda za Juu Kusini sasa wanaonekana pale ambapo zamani walisikika tu. Hata hivyo msomaji asidhani kwamba rada ya kuongozea ndege itaiona droni. Rada ya upili hufanya kazi kwa kuuliza na kujibiwa: hutuma swali, na kifaa kilichomo ndani ya ndege hurudisha jibu lenye utambulisho na kimo. Droni ya dukani haina kifaa hicho, hivyo haijibu. Rada ya msingi, ambayo husikiliza mwangwi tu, huchujwa kwa makusudi ili skrini isijae ndege wa porini. Droni yenye ukubwa wa kunguru huchujwa pamoja na kunguru.

Mwaka 2018 na kuja kwa droni

Droni haikuingia Tanzania kama adui. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha za visiwa vyake kutoka angani kwa ajili ya ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Mwaka 2018 droni ya kampuni ya Wingcopter ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Kisiwa cha Ukerewe, na Oktoba mwaka huo huo wataalamu kutoka nchi nyingi walikutana Mwanza kwenye mashindano na mkutano wa Lake Victoria Challenge. Ilikuwa miezi miwili kabla ya Gatwick. Mwaka huo huo pia kanuni za Tanzania za ndege zinazoendeshwa kutoka mbali zilitungwa chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga. Kwa hiyo 2018 ulikuwa mwaka ambao droni ilionekana Mwanza kuwa mkombozi, na London kuwa jinamizi.

Kisheria, wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ulio msingi wa usafiri wa anga wa dunia, una kifungu cha 8 kinachohusu ndege zisizo na rubani. Kifungu hicho hudai kibali maalumu cha nchi husika, na huiwajibisha kila nchi kuzidhibiti ndege hizo ili zisihatarishe ndege za kiraia. Walioandika walikuwa na kumbukumbu mbichi za silaha za vita. Hawakumwaza mpiga picha za harusi.

Naye ndiye anayehusika zaidi hapa. Hatari ya droni ya Mbalizi au ya Nduli, kwa sehemu kubwa, haitokani na nia mbaya. Tufanye hesabu ndogo. Ndege inayokuja kutua huteremka kwa mwinamo wa nyuzi 3 hivi, yaani mita 52 kwa kila kilomita. Ikiwa kilomita 5 kutoka mwanzo wa barabara ya kurukia, iko juu kwa mita 260 hivi. Ikiwa kilomita 2.3, imeshuka hadi mita 120, kimo ambacho droni ya kawaida hukifikia bila shida. Ndege ya aina ya Q400 ikija kwa mwendo wa mita 60 kwa sekunde, masafa hayo yaliyobaki ni ya nusu dakika na kidogo. Kijana anayepiga picha za sherehe kilomita mbili kutoka kiwanjani, kwenye mstari wa barabara ya kurukia, yuko njiani kabisa, ingawa hauoni uzio wowote mbele yake.

Madhara si ya kufikirika. Tarehe 12 Oktoba 2017 ndege ndogo ya abiria iligongana na droni ilipokuwa ikikaribia kutua Québec, Kanada, ilitua salama. Januari 2025 droni ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto huko Los Angeles, na ndege hiyo ikaondolewa kazini wakati moto ukiteketeza nyumba. Ndege wa porini ana manyoya, nyama na mifupa mepesi. Droni ina injini za chuma na betri, vitu ambavyo havipondeki kirahisi.

Kuizuia bila kuua

Mtu wa kawaida akiulizwa hujibu haraka: ipigwe risasi. Risasi inayokosa shabaha haipotei. Hushuka mahali fulani, na kuzunguka viwanja vyetu mahali hapo pana nyumba, mashamba na barabara kuu. Hata inayopiga sawasawa huangusha betri inayoweza kuwaka, juu ya lami au juu ya paa. Uholanzi walijaribu njia ya kistaarabu zaidi: polisi walifundisha tai kuzikamata droni angani, mpango ukazinduliwa mwaka 2016 na kuachwa mwishoni mwa 2017, kwani tai waligharimu sana na hawakutii kila mara. Kuongeza ndege mkubwa juu ya kiwanja ambacho hufukuza ndege kila asubuhi kungekuwa kichekesho.

Njia inayouzwa zaidi leo ni kuvuruga mawimbi ya redio. Droni nyingi za dukani huongozwa kwa masafa ya gigahezi 2.4 na 5.8, yale yale yanayotumiwa na intaneti isiyo na waya. Kifaa cha kuvuruga hukata mawasiliano kati ya droni na mwendeshaji wake, nayo, kadiri ilivyopangwa, hutua, huelea au hurudi ilikotoka. Mezani jambo hili linavutia. Lakini vifaa vingi vya namna hiyo huvuruga pia mawimbi ya setelaiti za kuonyesha mahali, ili droni isijue iko wapi, na hapo ndipo jiografia ya Songwe inapogeuza hesabu yote. Asubuhi ya ukungu rubani haoni milima. Kama njia yake ya kuteremka inaongozwa kwa setelaiti, anayevuruga setelaiti ili kumwokoa na droni ya kilo moja humnyima uhakika wa mahali alipo katikati ya vilele. Nchi nyingine zina mitambo mbadala ya ardhini na viwanja vya jirani vya kukimbilia. Huku kiwanja mbadala huweza kuwa saa nzima nyuma. Masafa ya redio pia husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa hiyo kuyavuruga si uamuzi wa msimamizi wa zamu peke yake, wala haifai uwe.

Wengine hutegemea uzio wa kielektroniki, yaani droni yenyewe ikatae kuruka karibu na kiwanja kwa sababu mtengenezaji ameiwekea mipaka. Njia hii ilisaidia sana, na haikumgharimu jirani chochote. Udhaifu wake ni kwamba ufunguo uko mikononi mwa mtengenezaji. Januari 2025 kampuni ya DJI ya China, iliyo kubwa kuliko zote katika biashara hii, iliondoa kizuizi hicho kwa watumiaji wa Marekani na kubakiza onyo kwenye skrini. Usalama wa anga la Mbalizi hauwezi kuachwa utegemee uamuzi wa kibiashara uliopitishwa Shenzhen.

Inabaki njia isiyopendeza machoni: kusitisha safari kwa muda, kumtafuta mwendeshaji, na kuisubiri betri iishe. Droni nyingi ndogo haziwezi kukaa angani zaidi ya nusu saa au dakika arobaini. Kwa hiyo swali la haraka, kwa mwongoza ndege aliye mnarani, ni nani anairusha na amesimama wapi. Kumpata huyo kunaondoa hatari bila risasi wala mawimbi. Gatwick ilikuwa na jeshi na polisi wa kutosha, lakini haikupata jibu la swali hilo dogo.

Majirani na sheria

Baada ya kisa kile Uingereza ilipanua eneo la marufuku kuzunguka viwanja vyake kutoka kilomita 1 hadi takriban kilomita 5, Machi 2019. Kenya ilipita njia yenye kona: Bunge lilizibatilisha kanuni za kwanza za droni mwaka 2018, na kanuni mpya zikaja mwaka 2020. Tanzania ilichagua vibali, ambavyo huihusisha TCAA pamoja na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Kuihusisha wizara hiyo kuna sababu, wala si ya kudharau. Mei 2025 droni za kivita zilishambulia Port Sudan, uwanja wa ndege ukiwamo, na Oktoba mwaka huo zikaelekezwa Khartoum siku uwanja wake ulipokuwa ukijiandaa kupokea tena safari za ndani. Dhidi ya droni ya namna hiyo, ushauri wa kusubiri betri iishe hauna maana. Hiyo ni kazi ya majeshi.

Tatizo huanza pale droni ya vita na droni ya harusi zinapotazamwa kwa jicho moja. Mjini Iringa niliwahi kuzungumza na mpiga picha kijana ambaye droni yake hukaa ndani ya begi la nguo, chini ya mashati. Huitoa mwisho wa sherehe kwa dakika kumi, hupiga picha za bibi na bwana harusi kutoka juu, kisha huirudisha. Nilimuuliza kama anajua mstari wa ndege zinazotua Nduli unapita wapi. Hakujua. Nilimuuliza angemuuliza nani. Akacheka: "Nikiuliza, si nimejitaja?" Jibu lake limenisumbua kuliko takwimu yoyote niliyosoma, kwa kuwa linaonyesha jinsi mwenye taarifa tunayoihitaji kuliko mtu mwingine yeyote alivyofundishwa kuificha.

Hapa mwaka 1932 unarudi. Mfukuza ng'ombe wa Mbeya alijua siku ya ndege, na kiwanja kilimjua yeye. Leo majirani wa Songwe na Nduli ni wengi zaidi na wana vyombo vinavyopaa, lakini uhusiano umebaki kuwa wa uzio. Hakuna sababu ya msingi kwa nini ofisi za serikali za mitaa na vijiji vilivyo chini ya njia ya kutua zisiwe na ramani ya ukurasa mmoja inayoonyesha mstari huo, saa za ndege, na namba ya simu ya zamu. Mwenyekiti wa mtaa hupewa taarifa za harusi, misiba na mikutano kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpiga picha akijua kwamba kupiga simu kutampa jibu la "subiri hadi saa kumi na robo, ndege ikishatua", badala ya kumpeleka kituoni, atapiga. Sheria haitalegea kwa hilo. Kibali kitabaki kuwa kibali, na anayerusha kwa makusudi juu ya barabara ya kurukia atabaki kuwa mhalifu. Lakini polisi watamtafuta mmoja badala ya kumi.

Upo ubishi wa haki dhidi ya pendekezo hili, kwamba kuwaambia watu mstari wa ndege ni kumwambia pia mwenye nia mbaya. Ubishi huo ungekuwa na nguvu kama mstari ungekuwa siri. Mtoto yeyote wa Mbalizi anaweza kuuonyesha kwa kidole.

Kuhusu uamuzi wa kufunga na kufungua kiwanja, Gatwick inatufundisha kuwa makini na shahidi mmoja. Kila ripoti mpya iliongeza muda wa kufungwa, na miongoni mwa walioripotiwa huenda walikuwamo waokoaji wenyewe. Kiwanja chenye barabara moja ya kurukia, ambacho asubuhi yake imekwisha kuliwa na ukungu, hakiwezi kumudu saa 33. Mtu wa pili, aliyesimama mahali pengine, aulizwe; polisi watakaorusha droni ya kutafuta waujulishe mnara kabla; na ajulikane kwa cheo, si kwa mabishano ya simu, ni nani mwenye kauli ya kufungua.

Mtafiti wa historia ana ombi jingine lisilohitaji zabuni. Liwekwe daftari mnarani Songwe, na lingine Nduli, la kuandika kila kitu kinachoonekana angani kisichotambulika: saa, upande, kimo cha kukadiria, hali ya ukungu, aliyeona na alikosimama, na safari iliyocheleweshwa kwa sababu hiyo. Nafasi ya mwisho ya kila mstari iachwe wazi, ijazwe siku itakapojulikana kilikuwa nini: droni, tiara ya mtoto, mwewe, au droni ya polisi wenyewe.